Vidonge vya kumbukumbu, mashine ya presha na gorogoro ya omena: tumekagua kinachouzwa Kisumu kwa ajili ya ubongo wa mzee

Katika maduka mengi ya dawa ya Kisumu, kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele, chupa za kuimarisha kumbukumbu hupangwa nyuma ya kaunta, usawa wa macho. Anayeziulizia mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni binti au mjukuu aliyekwenda nyumbani wikendi, akamwona nyanya yake (dani kwa Dholuo, kukhu kwa Kiluhya) akiuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijachemka, akarudi mjini na wasiwasi. Wasiwasi huo ni wa haki, na ni wa upendo. Ndiyo maana inatuuma kuona unaishia kwenye chupa.

Tumekagua vitu vinne ambavyo familia ya hapa inaweza kuvipata bila kusafiri mbali: vidonge hivyo, vipimo vya kumbukumbu vya karatasi, mashine ya presha ya nyumbani, na chakula cha soko la Kibuye, hasa omena, dagaa wa ziwani wanaopimwa kwa gorogoro, yaani mkebe. Kipimo chetu kwa vyote ni kimoja. Ubongo huishi kwa damu, na mishipa inayoulisha ndiyo mlango mkubwa ambao sisi tunaweza kuulinda. Kitu kisichosaidia mishipa hiyo, wala kisichosaidia kugundua tatizo mapema, hakistahili pesa ya mzee.

Chupa

Ukisoma lebo utakuta mchanganyiko unaofanana: jani la ginkgo, mafuta ya samaki yenye omega-3, vitamini za kundi B, vitamini E, pengine zinki. Ginkgo ndiyo iliyopimwa kwa kina zaidi. Huko Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walipewa miligramu 120 mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka wa 2008: waliomeza ginkgo walipata dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na kufikiri, sawa na wale wengine. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi vitamini B, vitamini E wala vidonge vya omega-3 kwa lengo la kuzuia dimensia.

Kuna hatari pia. Ginkgo inaweza kuongeza kutokwa damu kwa mtu anayetumia aspirini au warfarini, na wazee wengi wenye shida ya moyo wanazitumia. Mwenye duka asipouliza mzee anameza nini kingine, mwambie wewe.

Tunaacha nafasi kwa kitu kimoja: B12. Mtu asiye na B12 ya kutosha husahau, huchoka, hupata ganzi miguuni, na hali hiyo hutibika. Walio hatarini wanajulikana: mwenye sukari aliyetumia metformini kwa miaka, anayemeza omeprazoli kila siku kwa sababu ya tumbo, na mzee ambaye kwa muda mrefu ameishi kwa chai, mkate na ugali bila samaki, maziwa wala nyama. Lakini huyo anahitaji kipimo cha damu kwanza, kisha sindano au vidonge vya kipimo alichoandikiwa. Kiasi kidogo kilichochanganywa ndani ya chupa ya kumbukumbu hakitamtosha, na familia itakaa ikidhani anatibiwa.

Kabla ya kununua cho chote, fungua mfuko wa dawa wa mzee. Piriton ya mafua na mwasho inayomezwa kila usiku ili kupata usingizi, promethazini, amitriptilini ya maumivu ya neva: zote huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka. Kwa kijana athari mara nyingi ni usingizi tu. Kwa mzee wa miaka 78 athari huweza kuonekana kama ugonjwa wenyewe. Usizikate ghafla, hasa amitriptilini. Zibebe zote kwa daktari na umuulize ipi inaweza kupunguzwa. Ziara hiyo moja huenda ikarudisha kumbukumbu nyingi kuliko chupa kumi.

Uamuzi wetu kuhusu chupa: usinunue.

Vipimo vya karatasi

Hapa ndipo tungependa kila familia itumie muda wake. Vipimo hivi vinakwenda na kalamu, karatasi na dakika chache, na wahudumu wengi wa kliniki wanavijua. Kinachoharibika ni namna vinavyofanywa kwa Kiswahili, Dholuo au Kiluhya.

Chukua Mini-Cog, ambacho ni kifupi sana, dakika tatu. Mzee anaambiwa maneno matatu, kwa mfano ndizi, macheo, kiti, anayarudia mara moja ili tujue ameyasikia. Kisha anapewa karatasi yenye duara, aweke namba za saa, halafu aweke mishale ionyeshe dakika kumi baada ya saa tano asubuhi. Mwisho anaulizwa yale maneno matatu. Kila neno alilokumbuka bila kudokezwa ni alama moja. Saa iliyo sawa ni alama mbili. Iliyokosewa ni sufuri, hakuna alama ya katikati. Jumla ni 5. Anayepata chini ya 3 anahitaji uchunguzi kamili, na wengine huchukua hata 3 kuwa sababu ya kumtazama zaidi.

Sasa tazama saa yenyewe kwa karibu. Maelekezo ya Kiingereza yanataka 11:10. Mpimaji aliyezoea Kiingereza hutafsiri namba anazoziona, akasema "saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee anayehesabu saa kama sisi sote tunavyohesabu anaweka mshale mfupi kwenye 5, kwa sababu saa kumi na moja iko pale. Amefanya sawasawa, na anapewa sufuri. Ya kweli ni "saa tano na dakika kumi": mshale mfupi kwenye 11, mrefu kwenye 2. Na hata hapo, mzee anasikia tano huku akitakiwa aelekeze 11, jambo ambalo Mwingereza halimsumbui. Aliyesoma saa ya ukutani maisha yake yote hulifanya bila kufikiri. Anayeweka mishale kwenye 5 na 10, akifuata namba alizozisikia, anatuonyesha kosa lenye maana. Anayeweka namba zote upande mmoja wa duara, vivyo hivyo. Urefu wa mishale hauhesabiwi. Mistari iliyopinda kwa sababu ya mkono unaotetemeka pia haihesabiwi.

Neno macheo nalo lina tabu yake. Wazee wengi wa huku hawalitumii. Mpimaji abadilishe lugha nzima, aseme maneno matatu ya kawaida yasiyohusiana, kuliko kumpa mzee neno ambalo hajawahi kulitamka. Kanuni yetu ni kupima katika lugha ambayo mzee anahesabia pesa zake.

Na kama hakwenda shule? Akina mama wengi wenye miaka zaidi ya 75 katika vijiji vya Siaya, Vihiga na Busia hawajawahi kushika kalamu kwa kuchora. Kwao saa inapima shule, haipimi ubongo. MoCA, kipimo kirefu cha alama 30 ambacho kliniki za mjini hukipenda, kina shida hiyohiyo: kina mchemraba wa kuchora na kuunganisha namba na herufi, na alama moja ya nyongeza kwa aliyesoma miaka 12 au chini yake haifidii kitu kwa asiyesoma kabisa. Wenyewe waliotunga MoCA wametoa toleo jingine la msingi kwa watu wa aina hiyo. Uliza kama kliniki inalo.

Kinachotupendeza zaidi kimetoka kwa majirani zetu. Kipimo cha IDEA kilitengenezwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa wazee ambao wengi wao hawakusoma. Hakina kalamu. Mzee anapanga njiti nne za kiberiti kufuata mchoro aliopangiwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji anaitwa nani, daraja ni kitu gani, na mwisho anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa mwanzoni. Jumla ni 15. Kuanzia 7 kushuka chini, dimensia inashukiwa sana. Njiti za kiberiti ziko kila jikoni, na mkono uliopalilia shamba miaka 60 hauzionei haya. Katika vipimo tulivyovilinganisha, hiki ndicho tungekichagua kwa nyumba ya kijijini.

Kipimo cha mwisho hakimgusi mzee kabisa. AD8 ni maswali manane kwa mtu anayeishi naye au kumjua vizuri, na kila swali linauliza kama kuna *mabadiliko* katika miaka ya karibuni kwa sababu ya kufikiri na kumbukumbu. Majibu mawili ya "ndiyo" yanatosha kumpeleka. Kwa maisha ya hapa, maswali hayo huonekana hivi: anarudia hadithi na maswali, ameanza kutuma M-Pesa mara mbili kwa mtu mmoja, au hesabu ya chama ambayo aliishika miaka mingi sasa inamshinda, simu mpya imekataa kumwingia ingawa ya zamani aliijua, anakosa mwezi au mwaka tulio nao, amewaamini matapeli ambao zamani angewafukuza, ameacha kwaya aliyoipenda. Mzigo wa neno mabadiliko ni mkubwa. Mtu ambaye hakuwahi kujua hesabu hana mabadiliko kwa kushindwa hesabu.

Makosa ya kawaida wakati wa kupima ni haya: mjukuu anayenong'ona jibu, redio ikiwa wazi, mzee asiyesikia vizuri kuhesabiwa amesahau, miwani iliyoachwa chumbani, na kumpima siku aliyo na homa. Mabadiliko yaliyoanza ndani ya saa au siku chache hayapimwi kwa karatasi. Hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyopungua au kiharusi vyote humfanya mzee achanganyikiwe.

Alama mbaya si hukumu. Ni tiketi ya kuomba vipimo ambavyo mara nyingi vinasahaulika: damu kwa jumla, sukari, figo na chumvi za damu, tezi ya shingo, B12, kaswende, na HIV, kwa sababu uzee hauondoi haja ya kupima HIV. Kama alianguka kutoka bodaboda wiki tatu au nne zilizopita, hata kama hakuzimia, taja hilo. Damu inaweza kujikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo, na kipimo cha CT huionyesha. Unyogovu nao hujivika sura ya usahaulifu, hasa baada ya kufiwa na mume au mke. Anza kituo kilicho karibu uandikiwe rufaa. Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia, ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya ukanda huu.

Kujua mapema kuna maana nyingine ambayo hatuwezi kuipita. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakituhumiwa uchawi. Hatudai kwamba walikuwa wagonjwa. Tunasema kwamba mzee anayetangatanga usiku, anayeingia boma la jirani akiamini ni kwake, anayezungumza na watu waliokufa zamani, ana dalili zinazojulikana kitabibu, na majirani wanapaswa kuambiwa jina la ugonjwa huo na familia yake kabla mtu mwingine hajawapa jina jingine.

Mashine ya presha

Hii ndiyo tunayopendekeza inunuliwe, na inunuliwe kwa makini. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka wa 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban 45 kwa mia ya dimensia duniani. Presha ya juu imo, na madhara yake hujengeka kuanzia umri wa kati. Kwa hiyo mashine inanunuliwa kwa jina la mama, lakini mkono wa kwanza kufungwa uwe wa binti yake mwenye miaka 45.

Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotoka 2019, ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya chini ya 140, kulipunguza upungufu mdogo wa kumbukumbu na kufikiri kwa karibu 19 kwa mia. Kwa dimensia yenyewe tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Lengo la kila mzee hupangwa na daktari. Anayeanguka akisimama hapaswi kusukumwa chini sana.

Kagua mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, chagua ya mkono wa juu. Za kifundo cha mkono ni ndogo na zinavutia, lakini mkono ukishuka kidogo chini ya moyo namba hupanda. Pili, tafuta jina na namba ya modeli kwenye orodha ya STRIDE BP ya mashine zilizothibitishwa, iliyo wazi kwenye intaneti. Mashine nyingi zinazouzwa hazijawahi kuthibitishwa. Simama palepale dukani utafute, simu haitachukua dakika mbili.

La tatu ndilo linaloharibu vipimo vingi: mkanda. Beba futi ya fundi wa nguo. Pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko, na mkono umelegea. Mikanda mingi ya boksini ni ya sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa mkanda huo, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, ataongezewa dawa asizohitaji, kisha ataanza kuona kizunguzungu. Bibi aliyekonda mwenye mkono wa sentimita 19 akifungwa mkanda mpana, presha itasomeka chini, na ugonjwa utapita bila kuonekana. Baadhi ya wazee wa huku wako kwenye kundi hili la pili. Mwenye duka akisema mkanda mmoja unafaa wote, mwonyeshe namba zilizochapishwa kwenye mkanda wenyewe.

Namna ya kupima: mzee akojoe kwanza, akae dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara kwa nusu saa. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya sweta, ukingo wake vidole viwili juu ya kiwiko. Asizungumze. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Tupa za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu unahitaji daktari. Mara moja katika wiki mpime pia akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, andika na upeleke.

Betri zikichoka mashine hujaza upepo nusu na kuandika kosa; badilisha zote pamoja. Ikionyesha alama ya mapigo yasiyo sawa mara kwa mara, usiipuuze. Mapigo ya namna hiyo huweza kutuma donge la damu kwenye ubongo, na hapo hata namba za mashine haziaminiki sana.

Kwa asiye na pesa ya mashine: Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii, CHP, wapatao laki moja nchini, na mikoba yao ilitolewa ikiwa na mashine ya presha na kipima sukari. Uliza chifu au kituo cha afya nani anahudumu kwenu. Mwambie aje na futi.

Kuhusu bei, zinabadilika kutoka duka hadi duka. Lakini chupa ya vidonge ni ya mwezi mmoja, na ukiinunua miezi michache mfululizo mara nyingi umefikia bei ya mashine nzuri itakayodumu miaka.

Kibuye

Lishe inayozungumzwa sana kwa ubongo inaitwa MIND, iliyopangwa huko Chicago: mboga za majani kila siku, kunde na maharage, njugu, samaki, nafaka zisizokobolewa, huku siagi, vya kukaanga na vitamu vikiliwa kwa uchache. Jaribio lake la miaka mitatu lililochapishwa 2023 halikuonyesha tofauti ya kumbukumbu kati ya waliolifuata na kundi jingine ambalo nalo lilishauriwa kupunguza uzito. Kwa hiyo tusiwaahidi watu kwamba sahani itazuia dimensia. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba chakula hushusha presha na sukari, na njia ya ubongo inapita hapo. Karibu kila kitu katika orodha ile kiko Kibuye, na Jumapili soko likijaa utapata cha kuchagua.

Omena ndiyo tunayoisifia kwa moyo wote. Inaliwa nzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo ina kalsiamu, B12 na mafuta ya omega-3 yaleyale ya kwenye chupa. Chagua iliyong'aa fedha, iliyonyooka, inayovunjika kwa mlio. Ya manjano imeharibika mafuta na itakuwa chungu. Chota kutoka katikati ya gunia, sugua kiganjani: ikiacha mchanga ilianikwa chini, si kwenye nyavu. Ya kuku huuzwa karibu na ya watu, kwa hiyo uliza waziwazi. Kati ya Aprili na Julai, uvuvi unapofungwa, iliyoko sokoni huwa imekaa, chunguza zaidi.

Kwa watu wanne, vikombe viwili. Toa mawe, mwagia maji ya moto, acha dakika tano, suuza mara tatu. Kausha kwenye sufuria bila mafuta kwa moto mdogo hadi harufu ibadilike. Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta ya maji, nyanya tatu, kisha omena na nusu kikombe cha maji, dakika kumi. Chumvi robo kijiko cha chai, na umalizie kwa ndimu, maana uchachu hufidia chumvi iliyopungua. Kinachoharibu ni kuimwaga kwenye mafuta mengi yaliyokwisha kukaangiwa mara tatu, au kuongeza vidonge vya mchuzi juu ya chumvi. Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, mboga na ugali vikiwemo. Mzee anayepaliwa mara kwa mara asipewe nzima: isagwe iwe unga, ichanganywe kwenye mboga au uji.

Mboga za kienyeji: osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mrenda), boo (majani ya kunde), susa (majani ya malenge). Usimwage maji ya kuchemshia mara mbili ukikimbia uchungu, unamwaga pia foleti na potasiamu. Dek iliyolala kwenye maziwa usiku mmoja hupoa uchungu bila kupoteza hayo. Magadi yanayolainisha apoth ni sodiamu, na kwa mwenye presha yahesabiwe kama chumvi. Munyu wa majivu una potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo asiutumie bila kuuliza.

Njugu, konzi moja kwa siku, zisizotiwa chumvi. Zilizokunjamana, nyeusi au zenye ukungu zitupwe, kukaanga hakuondoi sumu yake. Ugali wa wimbi na mtama hushibisha zaidi kuliko wa unga uliokobolewa, na kwa mwenye sukari ukubwa wa kipande una maana kuliko rangi yake.

Ukimpeleka mzee ufukwe wa Dunga kula samaki, agiza ngege (tilapia) wa kuchemsha au wa mchuzi badala ya aliyezamishwa kwenye mafuta, na sema mapema kwamba chumvi iletwe kando. Wapishi hukubali wakiambiwa kabla samaki hajaingia motoni.

Yaliyobaki kwenye orodha

Masikio: mara nyingine ni nta tu, na kituo cha afya huisafisha. Asiyesikia hujitenga, na kutosikia na upweke vyote vimo katika yale mambo 14 ya Lancet. Macho: mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, kwa watu wa Vihiga na Kakamega hospitali ya macho ya Sabatia iko karibu. Moshi wa kuni: jiko lenye dohani, na mzee asiwe ndiye anayekaa karibu na meko siku nzima. Kutembea dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba. Safari ya kanisani na sokoni zihesabiwe. Helmeti kwa abiria wa bodaboda, si dereva peke yake. Sigara na chang'aa viachwe.

Baada ya miezi sita rudia kipimo kilekile, lugha ileile, asubuhi kama mara ya kwanza, ukibadilisha maneno ya kukumbuka. Juu ya karatasi andika tarehe, lugha iliyotumika na alisoma hadi darasa la ngapi, kisha ihifadhi ndani ya daftari la presha. Daktari atakayemwona baadaye atahitaji vyote viwili, karatasi na daftari.